Transfoma Ikiishiwa, Mwale Unaushikaje Mkondo wa Tokamaki?

Toleo lililopita safu hii ilieleza kwa ufupi tokamaki, mtambo wa kutafuta nishati kwa kuunganisha viini vya atomi: chumba cha ombwe chenye umbo la tairi, ndani yake gesi ya haidrojeni iliyopashwa moto hadi ikawa plazma, yaani ioni na elektroni zilizotengana, na koili za sumaku zinazoizuia plazma hiyo isiguse kuta. Tulisema pia kwamba koili za nje peke yake hazitoshi. Lazima mkondo wa umeme wa mamilioni ya ampea upite ndani ya plazma yenyewe kuzunguka tairi, kwa sababu uga wa sumaku wa mkondo huo ndio unaoisokota mistari ya uga na kuifunga plazma. Mwishoni tukagusia kwamba mkondo huo unaweza kuendeshwa kwa mwale wa atomi zisizo na chaji, na sentensi hiyo moja ndiyo iliyoleta barua. Zinazofanana tumeziunganisha.

Mimi ni fundi wa transfoma. Mlisema mkondo wa plazma huanzishwa kwa transfoma. Sasa kwa nini wasiendelee na hiyo hiyo? Mwale wa nini?
*Fundi umeme, Jinja*

Ndugu fundi, transfoma unazozitengeneza zinalishwa mkondo unaokamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, na hakuna anayeumia mkondo ukipita kwenye sifuri. Kwenye tokamaki, mkondo ukifika sifuri kizuizi cha plazma kimeondoka na plazma imegonga ukuta. Kwa hiyo koili ya kati, ambayo ndiyo upande wa kwanza wa transfoma, lazima mkondo wake ubadilishwe kuelekea upande mmoja tu. Plazma ni upande wa pili, wenye mzunguko mmoja wa waya, ila waya wenyewe ni gesi ya moto. Volti huwapo kwenye plazma kwa muda ule tu ambao mkondo wa koili unaendelea kubadilika. Koili ikifika kikomo chake, volti imekwisha.

Hesabu yake huendeshwa kwa volti-sekunde. Tuseme koili imebakiwa na volti-sekunde 50 baada ya kuupandisha mkondo, na plazma inahitaji volti 0.1 ili mkondo usishuke. Utapata sekunde 500, basi. ITER, mtambo unaojengwa Cadarache kusini mwa Ufaransa, umepangiwa kuendesha ampea milioni 15 kwa njia hii kwa dakika chache tu kila mara, kisha koili irudishwe mwanzo. Kituo cha umeme cha kuwaka na kuzimika hivyo huchosha vyuma na sumaku.

Hata hivyo usiidharau transfoma. Plazma ya moto sana ina ukinzani mdogo mno, hivyo volti 0.1 kwa ampea milioni 1 ni kilowati 100 tu. Mwale, kama tutakavyoona, hudai kiasi cha megawati 15 kwa ampea milioni 1 hiyo hiyo. Ni zaidi ya mara mia. Anayekwambia kwamba mwale ni mbadala bora wa transfoma hajapiga hesabu. Ubora wake ni mmoja tu, kwamba hauishiwi.

Atomi isiyo na chaji haina mkondo. Itazalishaje mkondo? Na nimeona mwale wa ITER ni ampea kumi na kitu tu, wakati plazma inahitaji milioni. Naomba ufafanuzi wa kina.
*Mwanafunzi wa fizikia, Makerere*

Kukosa chaji ndiyo sababu atomi inatumika. Ioni ukiirusha kutoka nje, uga wa sumaku utaipinda kabla haijafika popote. Atomi hupita moja kwa moja kana kwamba uga haupo. Ikishaingia kwenye plazma hugongana na ioni na elektroni zilizomo, inapokonywa elektroni yake na kubaki ioni yenye kasi kubwa. Kuanzia hapo uga umeishika, nayo inaanza kuzunguka tairi.

Tukija kwenye ampea: mwale mmoja wa ITER ni megawati 16.5 za atomi za deuteri (haidrojeni nzito), kila atomi ikiwa na nishati ya elektronivolti milioni 1, yaani ile ambayo chaji moja hupata ikikimbizwa kwa volti milioni 1. Ukigawanya unapata ampea 16.5, na ukiishia hapo utacheka. Lakini ioni ya nishati hiyo hukimbia kilomita 9,800 hivi kwa sekunde. Nusu kipenyo kikubwa cha tairi la ITER, kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya plazma, ni mita 6.2, kwa hiyo mzunguko mmoja ni mita 39, nao humalizika ndani ya mikrosekunde 4. Katika plazma yenye elektroni za digrii milioni 230 na chembe 10²⁰ kwa kila mita ya ujazo, ioni huchukua sekunde moja na kidogo kabla ya kupunguzwa kasi hadi ifanane na wenzake. Kwa muda huo imepita mahali pale pale zaidi ya mara laki moja, na kila inapopita inahesabika upya kwenye mkondo. Ampea 16.5 zinazorundikwa hivyo ndizo zinazofika mamilioni.

Ndiyo maana joto la elektroni lina uzito kuliko kitu kingine chochote. Muda wa kupunguza kasi hukua kwa joto la elektroni likipandishwa kwa kipeo cha 3/2, na hupungua kadiri msongamano unavyoongezeka. Plazma ya baridi na nzito hula mwale kabla haujazunguka vya kutosha, na megawati zako zinaishia kuwa joto tu.

Sasa tuje kwenye sehemu ambayo maelezo mengi huiruka. Ioni za mwale zinapogonga elektroni huziburuta kuelekea upande ule ule. Elektroni ina chaji hasi, hivyo elektroni zinazokwenda pamoja na ioni ni mkondo wa kinyume. Katika plazma safi ya haidrojeni, ndani ya bomba lililonyooka, mikondo hiyo miwili hufutana kabisa. Unamimina megawati na kupata sifuri.

Kuna mambo mawili yanayotuokoa. La kwanza ni ioni za uchafu kama kaboni, beriliamu au neoni. Elektroni hupigwa breki na ioni zilizotulia, na breki hiyo hukua kwa chaji ya ioni ikizidishwa kwa yenyewe. Uchafu kidogo basi unatosha kuzichelewesha elektroni zisifute mkondo wote. Kiasi hicho hupimwa kwa chaji faafu, ambayo vitabu huiandika Zeff. Katikati kabisa ya plazma, sehemu ya mkondo inayobaki ni 1 kutoa 1/Zeff. Zeff ikiwa 1, unabaki na sifuri, ikiwa 1.7, inabaki asilimia 41.

La pili ni umbo la tairi lenyewe. Uga una nguvu upande wa ndani, karibu na tundu, na ni dhaifu upande wa nje. Elektroni ambayo kasi yake kufuata mstari wa uga ni ndogo hushindwa kupanda kwenda penye uga wenye nguvu, inarudishwa, na inabaki ikienda na kurudi upande wa nje. Njia yake ukiitazama kwa mkato ina umbo la ndizi, na hata ioni zina njia kama hizo. Elektroni iliyonaswa namna hiyo haizunguki tairi, kwa hiyo haiwezi kubeba mkondo wa kufuta. Kadiri unavyotoka katikati ndivyo zilizonaswa zinavyokuwa nyingi. Kwa Zeff ile ile ya 1.7, mahali ambapo umbali kutoka kitovu ni moja ya tano ya nusu kipenyo kikubwa, sehemu inayobaki hukaribia asilimia 80.

Aliyependekeza njia hii ni Tihiro Ohkawa, mwaka 1970. Miaka kumi hivi baadaye mkondo unaoendeshwa na mwale ulionekana kwenye tokamaki ya DITE, huko Culham, Uingereza.

Je, ni lazima mwale uingie kwa pembe fulani? Wanafunzi wangu wanadhani unalengwa katikati moja kwa moja.
*Mwalimu wa fizikia, Mbarara*

Mwalimu, ukilenga katikati kwa pembe mraba unapasha moto lakini huendeshi mkondo, kwa sababu ioni zinazozaliwa hazina kasi ya kufuata mistari ya uga. Nyingi zinanaswa kwenye njia za ndizi. Mwale wa kuendesha mkondo huelekezwa upande, ukipita kama mstari unaogusa duara la ndani ya tairi. Kwa ITER duara hilo lina nusu kipenyo cha mita 5.3 hivi.

Upande nao una maana yake. Mwale ukienda pamoja na mkondo wa plazma, ioni mpya huanza njia yake kwa kuvutwa kuelekea ndani. Ukienda kinyume huvutwa nje kwanza, na zile zilizozaliwa ukingoni hugonga ukuta kwenye mzunguko wa kwanza. Miale miwili inayopingana, yenye nguvu sawa, hufutana mkondo na kuacha joto. Hilo lina matumizi yake, mfano pale watafiti wanapotaka kupasha moto plazma bila kuizungusha. Tokamaki ya DIII-D, San Diego, ina mitambo ya mwale inayoweza kugeuzwa upande kwa ajili hiyo, au kuinamishwa ili mkondo utue nje ya kitovu.

Kwa nini elektronivolti milioni 1? Mitambo ya zamani ilitumia laki moja na ikafanya kazi. Na ioni hasi ninazosikia mwale huo huanzia kwazo zinatengenezwaje? Naomba mtueleze mtambo kipande kwa kipande, na unaharibika wapi.
*Mwanafunzi wa uhandisi, Kyambogo*

Tokamaki ya JET, Culham, iliyofungwa Desemba 2023, ilitumia takriban elektronivolti 125,000, na ilitosha kwa sababu plazma yake ilikuwa na nusu kipenyo kidogo (kutoka kitovu cha plazma hadi ukingo wake) cha mita 1 hivi. Ya ITER ni mita 2, tena yenye msongamano mkubwa. Mwale wa laki moja ungeishia kwenye ganda la nje. Ioni zingezaliwa mahali pa baridi, zingepunguzwa kasi upesi, na mkondo ungekuwa haba mahali pasipotakiwa.

Tatizo ni kwamba huwezi kuongeza kasi ya atomi isiyo na chaji. Lazima uanze na ioni, uikimbize kwa volti, kisha uirudishe kuwa atomi kwa kuipitisha kwenye gesi. Ioni chanya inahitaji kuokota elektroni njiani, na kadiri inavyokimbia ndivyo inavyoshindwa kuiokota. Kwenye laki moja hivi ya deuteri karibu nusu hufaulu. Kwenye milioni karibu hakuna. Ioni hasi kazi yake ni kudondosha elektroni ya ziada, iliyoshikwa kwa elektronivolti 0.75 tu, na hiyo hudondoka hata kwa kasi kubwa. Asilimia 60 hivi hutoka zikiwa atomi.

Tuufuate mtambo wenyewe. Chanzo ni sanduku lenye plazma ya deuteri iliyowashwa kwa mawimbi ya redio ya megahezi 1, kilowati 800 kwa jumla, kwa shinikizo la paskali 0.3. Ukuta wake mmoja ni wavu wenye matundu 1,280, uliopakwa utando mwembamba wa sesiamu inayovukizwa kutoka kwenye tanuri dogo. Atomi zinazogonga uso wenye sesiamu huondoka na elektroni ya ziada, kwa kuwa sesiamu huachia elektroni kirahisi. Mbele ya wavu kuna uga wa sumaku wa kupooza elektroni, maana elektroni za moto huvunja ioni hasi zikiwa bado changa. Nyuma yake upo wavu wa kuvutia, wa kilovolti 10 hivi, wenye sumaku ndogo za kuwapinda wapandaji wasioalikwa, yaani elektroni zinazotoka pamoja na ioni hasi, kabla hazijapewa kasi kamili. Halafu nyavu tano, kila hatua ikiongeza kilovolti 200. Kisha chumba cha gesi cha mita 3 cha kuondoa chaji. Baada yake sahani zenye volti huzivuta kando ioni zilizobaki, kiasi cha asilimia 20 chanya na 20 hasi, na kuzimwaga kwenye shaba inayopozwa kwa maji. Zilizonyooka ni atomi, nazo huingia kwenye mfereji wa kwenda tokamaki.

Kuharibika kwake, tuanze na sesiamu maana ndiyo inayosumbua kila siku. Ikipungua, ioni hasi hushuka na elektroni hupanda, na elektroni hizo huunguza wavu wa kuvutia. Ikizidi, huvuja hadi kwenye nyavu za volti kubwa na kuleta cheche. Mvuke kidogo wa maji au tundu dogo la hewa huitia sumu. Joto la wavu lenyewe linatakiwa kuwa kiasi cha digrii 150. Ukiwa baridi sesiamu hujilundika ovyo. Dalili ya kwanza kwa mwendeshaji ni uwiano wa elektroni kwa ioni hasi. Ukivuka 1, shusha volti ya kuvutia kwanza kabla ya kutafuta sababu.

Cheche kati ya nyavu hazikwepeki, na kinachotofautisha mtambo mzuri na mbovu ni kasi ya kuukata umeme. Nishati iliyolala kwenye nyaya za kilovolti 1,000 inatosha kuyeyusha kingo za matundu, hivyo umeme hukatwa ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde kisha huwashwa tena. Mtambo mpya hauwashwi kwa volti kamili. Hupandishwa kidogo kidogo, cheche baada ya cheche, hadi nyuso za nyavu zijisafishe. Anayeharakisha hatua hii huharibu nyavu.

Gesi nayo ni tatizo. Ioni hasi ikigongana na gesi iliyobaki kati ya nyavu kabla haijapata kasi yote, hupoteza elektroni mapema, na kwa ITER hesabu ni karibu asilimia 30 ya ioni zinazopotea hivyo. Ndiyo sababu ya kutumia shinikizo dogo namna ile, na pampu kubwa zinazogandisha gesi kwenye nyuso za baridi kali. Gesi ikirundikana kwenye mfereji wa mwisho, atomi hurudi kuwa ioni, uga wa tokamaki unazipinda na kuzipigisha ukutani. Ukuta ukipata moto hutoa gesi zaidi, nayo huzaa ioni zaidi, hadi mfereji unaziba kabisa.

Mwisho, kutawanyika. Pembe ya miliradiani 7 inaonekana si kitu, lakini kwa umbali wa mita 25 ni sentimita 17 na nusu, na upana wa mfereji una mpaka. Mambo haya yote yanajaribiwa Padua, Italia, kwenye mitambo miwili: SPIDER, iliyoanza kazi mwaka 2018 kwa chanzo pekee, na MITICA iliyokusudiwa kwa volti kamili.

Unakula umeme kiasi gani? Tukilinganisha na kituo cha umeme wa maji cha Karuma.
*Msomaji, Masindi*

Mwale mmoja ni ampea 40 za ioni hasi kwa volti milioni 1, yaani megawati 40. Baada ya chumba cha gesi zinabaki 24, na baada ya kingo na mfereji, 16.5. Iko miwili, basi kwenye nyavu peke yake ni megawati 80. Ongeza mawimbi ya redio, pampu, upozaji na upotevu wa vifaa vya umeme, utafika megawati mia moja au kuzidi. Karuma ina mashine sita za megawati 100 kila moja. Moja nzima ingeishia hapo.

Mkondo unaopatikana hukadiriwa hivi: zidisha kipimo cha ufanisi kwa megawati zilizoingia kwenye plazma, kisha gawanya kwa msongamano (ukihesabiwa kwa 10²⁰) na kwa nusu kipenyo kikubwa cha tairi. Kwa ufanisi wa 0.3, megawati 33, msongamano wa 0.7 na mita 6.2, jibu ni ampea milioni 2.3. Ndipo ilipotoka ile megawati 15 kwa milioni 1. Mpango wa ITER wa kwenda bila transfoma ni wa ampea milioni 9 hivi, kwa hiyo mwale utabeba kama robo. Sehemu kubwa inatakiwa ijiendeshe yenyewe kutokana na tofauti ya shinikizo kati ya kitovu na ukingo wa plazma. Mkondo huo ulitabiriwa mwaka 1971 na haudai megawati za ziada. Kwa maoni ya safu hii, mtambo wa umeme wa baadaye utakaotegemea mwale kwa zaidi ya sehemu ndogo ya mkondo wake hautalipa. Mwale ufae kuupanga mkondo mahali unapotakiwa, na kupasha moto.

Ufanisi uliopimwa kweli uko chini ya huo wa makadirio. Tokamaki ya JT-60U ya Japani, kwa miale ya ioni hasi ya elektronivolti 360,000, ilifika 0.155 na ampea milioni 1 za mwale. Pengo hilo linaelezeka kwa sehemu kubwa na joto la elektroni: lake lilikuwa digrii milioni 150 kitovuni, na mwale wa ITER umekusudiwa plazma ya moto zaidi.

Wanawashaje? Mwale kwanza au transfoma kwanza?
*Msomaji, Gulu*

Transfoma kwanza, kwa sababu mbili. Ioni zenye kasi hushikwa na uga wa mkondo uliokwishakuwapo. Mkondo ukiwa mdogo njia zao za ndizi huwa pana kiasi cha kugonga ukuta. Pili, plazma nyepesi haiwezi kuusimamisha mwale. Unapenya hadi ng'ambo na kuchoma vigae vya ukuta wa mbele. Ndiyo maana kila mtambo una kifunga cha usalama kinachosoma msongamano na kuukata mwale mara tu unaposhuka chini ya kiwango kilichowekwa. Kifunga hicho hakizimwi "kwa jaribio moja tu".

Mkondo ukishapanda na msongamano ukatosha, mwale huwashwa na volti ya transfoma hupunguzwa taratibu. Ukiukata ghafla mwale uliokuwa ukibeba mkondo, plazma hujaribu kuudumisha mkondo ule kwa kuzalisha volti yake yenyewe, na umbo la mkondo ndani hubadilika polepole kwa makumi ya sekunde.

Wanajuaje kwamba mkondo ni wa mwale na si wa transfoma?
*Mwanafunzi, Busitema*

Kipimo cha harakaharaka ni volti ya mzunguko kwenye ukingo wa plazma: ikiwa sifuri na mkondo haushuki, transfoma haifanyi kazi. Ikienda chini ya sifuri, kuna mkondo wa ziada unaoirudishia transfoma volti-sekunde zake. Lakini kipimo hiki hudanganya. Volti ya ukingoni huchukua muda mrefu kuenea hadi kitovuni, na katika plazma kubwa ya moto jaribio la sekunde kumi huisha ndani bado hakujatulia. Ukingo unasema sifuri, katikati bado kuna volti.

Kwa hiyo hupimwa umbo la uga wa ndani, na hapo mwale hujisaidia wenyewe. Atomi zinazokimbia kukatiza uga hutoa mwanga ambao mistari yake imepasuliwa, na mwelekeo wa mwanga huo unaonyesha mwelekeo wa uga mahali hasa zilipo. Vipimo vya nyakati kadhaa vikiunganishwa hutoa volti kwenye kila tabaka la plazma. Ukitoa mkondo wa volti hiyo na ule wa shinikizo kutoka kwenye jumla, kinachobaki ni cha mwale.

Kikiwa pungufu kuliko hesabu, mshukiwa wa kwanza ni mawimbi ya Alfvén, yaani mitikisiko inayosafiri kwenye mistari ya uga ndani ya plazma. Kwa ITER mwendo wa mawimbi hayo ni kilomita 7,000 na kitu kwa sekunde, na ioni za mwale zina 9,800. Ioni zenye kasi kuliko wimbi huweza kulilisha, nalo likikua huzitupa nje ya kitovu. Utaona mkondo umetandazwa, na nyutroni zinazotoka viini vinapoungana zimepungua pia.

Rekodi za muda mrefu tunazosikia, zinatokana na mwale?
*Msomaji, Arua*

Nyingi hapana. WEST ya Ufaransa ilidumisha plazma kwa sekunde 1,337 Februari 2025 kwa mawimbi ya redio ya megawati 2, na EAST ya China ilifika 1,066 Januari mwaka huo huo, bila kutegemea mwale. Mawimbi ni rahisi kuendesha kwa muda mrefu, ila aina yenye ufanisi mkubwa haifiki kitovuni mwa plazma ya moto na nzito. KSTAR ya Korea Kusini hutumia mwale, nayo ilishika digrii milioni 100 kwa sekunde 48.

Tunaweza kufanya hesabu hizi wenyewe kwa kompyuta ya kawaida, bila maabara?
*Kikundi cha wanafunzi, Kampala*

Mnaweza, na programu yake haizidi ukurasa mmoja. Chukueni ioni moja ya deuteri yenye elektronivolti milioni 1. Wekeni nishati ya mpaka kuwa mara 18.6 ya joto la elektroni (kwa elektronivolti 20,000 ni 372,000). Juu ya hapo ioni hupunguzwa zaidi na elektroni, chini yake zaidi na ioni, na nyingi hupotea njia kwa kuyumbishwa. Muda wa msuguano wa elektroni kwa joto hilo na msongamano wa 10²⁰ ni sekunde 2.1 hivi. Kila hatua ya milisekunde 1, punguzeni kasi kwa: kasi gawanya kwa muda huo, mara (1 jumlisha mchemraba wa kasi ya mpaka gawanya kwa mchemraba wa kasi ya sasa), mara sekunde 0.001 za hatua hiyo. Jumlisheni umbali. Mtapata kilomita 7,500 hivi. Gawanyeni kwa mzunguko wa mita 39, zidisheni kwa ampea 16.5, mtapata ampea milioni 3 na kitu kabla ya makato. Punguzeni kwa pembe ya mwale na kuyumba, theluthi moja si kosa kwa kuanzia. Kisha tieni makato ya elektroni kwa kila tabaka.

Kabla ya kuamini jibu lolote, wekeni Zeff iwe 1 na elektroni zilizonaswa ziwe sifuri. Mkondo wote lazima ufutike. Ukibaki hata kidogo, angalieni alama ya kutoa kwenye mkondo wa elektroni; makosa mengi ya programu hii hukaa hapo.